Mjumbe Bandia Niliyemwacha Ndani ya Programu

Nianze na lililo gumu: yule mama wa Mlali hakusema uongo. Mwongo nilikuwa mimi, na uongo wangu niliusemea kwenye kompyuta.

Mimi ni fundi wa programu hapa Morogoro mjini. Wanaonijua sokoni wanajua sinunui nyanya bila kubishana, na chenji naihesabu mara mbili mbele ya muuzaji. Ubahili huohuo ndio ulionifikisha hapa.

Siku hizi biashara ni huria, kila mnunuzi ana lori lake na masharti yake. Kikundi cha wakulima wa mboga huko Mlali kiliniomba nikitengenezee tovuti. Mnunuzi anaagiza humo, programu inamtumia mwenyekiti ujumbe wa simu, naye anawapigia wenzake: kesho vuneni, au acheni, lori haliji. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima. Nitamwita Mama Theo.

Programu niliigawa vipande, kila kipande na faili lake: kurasa huku, maagizo kule, utumaji ujumbe pembeni. Katikati nikaweka kipande ninachokiita dalali. Kurasa zikihitaji mtu wa kutuma ujumbe hazimtafuti zenyewe. Zinamwambia dalali, "Niletee mjumbe," naye analeta aliyeandikishwa kwake. Ni utaratibu mzuri, ukiandikisha kila mmoja kwa mkono wako. Mimi nikaona ni kazi nyingi. Nikamwagiza dalali apite mwenyewe kwenye folda kila programu inapowaka, aandikishe yeyote atakayemkuta.

Sasa, wakati wa majaribio sikutaka kununua meseji za kuchezea. Nikaunda mjumbe bandia, naye nikampa faili lake. Hatumi kitu. Anajibu tu, "Imetumwa."

Siku ya kuweka toleo jipya nikanakili folda nzima kwenye tovuti, bandia akiwemo. Dalali akakuta wajumbe wawili, na desturi yake ni kumleta aliyeandikishwa mwisho. Wa mwisho akawa bandia.

Kabla sijaliweka toleo hilo, kikundi kilikuwa kimeshaambiwa kivune. Jioni hiyo mvua ikaharibu barabara, mnunuzi akaingia kwenye tovuti akaahirisha lori. Mjumbe wangu akajibu, "Imetumwa."

Alfajiri watu wakashuka mlimani na njegere na koliflawa kichwani. Wakakaa barabarani mpaka mboga zikalegea. Mboga ikishakatwa hairudi shambani.

Kikao kikaitishwa, nami nikaitwa na laptop yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Waambie hawa. Simu yangu haikulia."

Nikafungua, nikawageuzia kioo wasome wenyewe. Imetumwa.

"Mama," nikasema, "kompyuta haina sababu ya kudanganya."

Mzee mmoja akacheka, lakini si kwa furaha. "Mashine haina mkwe wala shemeji. Mwenyekiti, wewe ulijua. Zako umeuza kwingine, sisi ukatuacha tuote mizizi barabarani."

"Zangu zimeoza kama zenu. Njooni nyumbani muone."

Hakuna aliyekwenda kuona. Walimvua uenyekiti palepale, akakunja khanga yake akaondoka.

Wiki haikuisha, mwenyekiti mpya akanipigia: mbona yeye naye hapati ujumbe? Nikachimba, nikamkuta bandia wangu amekaa pale kama mwenye nyumba. Nikamfuta. Mwenyekiti nikamwambia mtandao ulisumbua.

Halafu nikapiga hesabu, mara mbili kama kawaida yangu. Nikisema, nitaulizwa mboga zile nani anazilipa, na wateja wa mjini watanikimbia. Nikinyamaza, anaumia mtu mmoja tu. Hesabu ikanitoka vizuri. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Miezi ikapita. Nikapanda Mlali kumwambia. Nilimkuta bustanini akipalilia, akanipa kigoda. Kabla sijafungua mdomo akasema:

"Nimefikiri sana, mwanangu. Labda ujumbe uliingia kweli nikasahau. Kichwa kimechoka. Simu nimempa mjukuu. Hata pesa za jumuiya ya kanisani nimewaachia wengine, nisije nikawapotezea watu."

Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Nikayameza. Akanikatia kabichi kubwa, nikauliza bei, akasema, "Ya kwako hiyo." Nikashuka nayo. Iliozea jikoni.

Nyie mnaounda programu, mjumbe wa majaribio asiingie folda ya kazi, na wajumbe wenu waandikisheni wenyewe, mmoja mmoja. Na nyie wengine wote, mtu mzima akisema njooni muone, nendeni mkaone, kabla ya kusoma kioo cha fundi.

Najua gazeti hili hufika Mlali, hupita mkono kwa mkono baada ya misa. Mdomo wangu umeshindwa, basi atakayelishika amsomee yule mama mstari huu: kichwa chako ni kizima, mama. Simu haikulia.