Masharti na Kampuni Zisizoona Kitu

Mtaani walimwita Masharti, na jina likamkaa. Fundi simu huyu, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, ndiye mtu pekee waliyemjua anayesoma vigezo na masharti mpaka mwisho. Sisi wengine tunabonyeza "Nakubali" kama tunafukuza nzi. Yeye alivuta stuli, akasoma, chai ikapoa.

Watu walimletea hasa zile VPN, programu za kuficha ulipo na unachofanya mtandaoni.

"Mzee Masharti, hii inasema haitunzi kumbukumbu zangu. Niiamini?"

"Kusema inasema. Sasa mbona inataka namba za rafiki zako wote? Inakuoa?"

Kisha aliuliza mwenye kampuni ni nani, na kama programu ni ya bure, anakula wapi. Aliuliza kama waliwahi kuruhusu wakaguzi wa nje wapekue mitambo yao. Mwisho aliiweka kwenye simu yake kuukuu na kuikata ghafla ikiwa kazini, aone kama mahali alipo patachungulia. Nyingi zilimwaga kila kitu.

"Na ujue," alimwambia kila mteja, "VPN haikufichi kwa kila mtu. Inabadilisha tu anayekuona. Kwa hiyo chagua vizuri wa kukuona."

Nyumbani hakukuwa na wa kumuona. Mkewe alishafariki. Binti yake wa pekee alimkimbia mume aliyekuwa akimpiga, akaondoka bila kusema anakwenda wapi. "Usipojua, baba, hutabanwa useme," alimwambia mlangoni. "Na usinitafute." Masharti akaahidi. Tangu hapo binti aliandika kwa shida tu, kila mara kwa namba ngeni ambayo baadaye haikupatikana tena.

Ahadi ile mzee aliivunja kila asubuhi. Barua pepe ya binti alimfungulia yeye mwenyewe enzi za shule, kwenye kompyuta ya dukani, na haikuwahi kutolewa humo. Barua hakusoma hata moja, tumpe haki yake. Alifungua tu ukurasa wa usalama, unaoonyesha akaunti imetumika wapi na kwa kifaa gani. Pale palikuwa na jina la mji. Mji ukionekana, mtoto yu hai, ameamka, ameshika simu. Ndipo chai iliposhuka kooni. Ukurasa wenyewe hakuufunga. Uliwaka mchana kutwa kama taa ya barazani. Upweke ulikuwa unamla, tusizunguke.

Siku moja ujumbe ukaingia. "Baba, mume wangu ameutaja mji niliopo. Nikahama. Na huu mpya ameutaja. Naambiwa niweke VPN. Ipi haidanganyi?"

Masharti alipandwa na hasira, akazilaani kampuni zote za mtandao kwa jumla na moja moja. Wateja akawaambia warudi kesho. Alisoma mpaka macho yakamtoka machozi, akatupa hii, akatupa ile, hadi akakuta moja ambayo mitambo yake ilishawahi kuchukuliwa kwa amri ya mahakama, ikakutwa mitupu. Akaijaribu, akaikata, akaiwasha. Haikuchungulia.

"Hii angalau ina haya," alisema peke yake.

Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kumwandikia bintiye, mkwe wake, mume yule yule, akaingia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Mkwe alitaka kubadilishiwa kioo cha kukinga simu, kile kile alichobadilishiwa juzi juzi. Siku hizi alikuwa mwepesi wa kuja kusalimia, na mzee, kwa kukosa wa kuongea naye, alimvumilia, hata chai akawa anammiminia. Mkwe alikaa kwenye stuli ya pembeni, mahali pake pa kila siku. Masharti akainama kufuta simu. Alipoinua kichwa kutafuta kitambaa, akamwona mkwewe anatazama nyuma ya bega lake, kwenye kompyuta. Mji ulikuwa pale, kwa herufi nene.

Mkwe akainuka, akaichukua simu yake. "Acha tu, baba. Nina haraka. Nitapita siku nyingine."

Mikono ya fundi, iliyozoea skrubu ndogo kama punje ya mtama, ilikosea herufi mara kwa mara. "Mwanangu, ondoka hapo sasa hivi. Mumeo hakukuona mtandaoni. Amekuona hapa dukani, kwenye kompyuta yangu. Nilikuwa nachungulia ulipo kwenye barua pepe yako. Nisamehe. Ukifika uendako weka VPN hii ninayokutumia. Badilisha na neno la siri la barua pepe. Na mimi najitoa humo."

Akasubiri. Hakula, hakuhudumia mtu. Alasiri simu ikalia.

"Nimeshaondoka, baba. Niko salama."

Akafuta miwani. Simu ikalia tena.

"Kompyuta ya dukani naijua. Hata mimi naiona kwenye ukurasa ule ule wa usalama, kila asubuhi ukiiwasha. Ningeweza kuitoa zamani. Niliiacha ili nijue umeamka, umefungua duka."

Masharti alisoma ujumbe ule kwa uangalifu kuliko masharti yoyote aliyowahi kusoma. Kisha akalia, mzee mzima, nyuma ya kaunta, na mteja aliyekuja kuuliza chaja akarudi kinyumenyume. Alipomaliza, aliisogelea kompyuta na kubonyeza "Ondoka". Ukurasa ukamwomba neno la siri, naye alishamwambia mwanawe alibadilishe.

Kesho yake alifungua duka saa ile ile, akachemsha chai, akawasha kompyuta. Hakukuwa na mtu wa kuona kwamba ameiwasha.