Nyumba Iliyoipa Barabara Ubavu

Nilisafiri kwa sababu ya hasira, nisiwadanganye. Chumba tulichopanga Mwisenge, hapa Musoma, kilikuwa na bati bila dari, na ikifika saa nane mchana kilikuwaga kama tanuri la mikate. Mwanangu Bhoke, miezi saba, alikuwa halali mchana. Analia, anajikuna vipele vya joto shingoni. Nesi wa kliniki alimgeuza huku na huku, akaniambia mtoto ni mzima, nyumba ndiyo inaumwa.

Tulikuwa na kiwanja pembeni ya mji, na vijana walikuwa waje kuchimba msingi Jumamosi. Jumatano jioni nikaenda kuzitazama kamba walizofunga kuonyesha kuta zitakapopita. Nikasimama palipopangwa sebule, na jua lote la magharibi likanipiga usoni. Mbele ya nyumba yetu ni barabarani, na barabara iko magharibi. Yaani tunatoka tanuri dogo tunaingia kubwa, tena la kwetu wenyewe. Nikamwambia Baba Bhoke hapo hapachimbwi mpaka nipate mtu anayejua kujenga nyumba isiyochoma watu. Akasema ramani imeshagongwa muhuri. Nikamwambia Bhoke naye ameshagongwa vipele.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa stendi, Bhoke mgongoni, ramani kwenye mfuko wa nepi. Njia nzima nilikuwa namsema mume wangu moyoni. Wanaume wanapenda nyumba ionekane na wapita njia, wanaolala ndani wajijue. Bhoke alicheka na kila abiria. Akiwa kwenye gari hanaga shida na mtu.

Bunda, saa tatu kasoro. Mchoraji wa ramani yetu alisoma na mume wangu, hivyo ananiita shemeji. Ofisi yake ina kompyuta mbili, na dirisha la kioo kutoka sakafuni hadi darini, linatazama jua la asubuhi. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote, na shati la shemeji lilikuwa limelowa mgongoni. Nilimuuliza ofisi hiyo aliichora nani. Akasema yeye mwenyewe, akatabasamu, halafu akaona ninapoangalia, tabasamu likapungua.

Nilimweleza joto. Akanishauri tufunge AC. Nikauliza umeme ukikatika. Akasema tutafungua madirisha. Nikauliza jua likiingia. Akanywa maji, akamimina mengine, akanywa tena.

"Shemeji," akasema mwisho, "mimi nachora nyumba zinazopendeza. Unayemtaka wewe yuko Butiama. Alijenga nyumba ya walimu ambayo mchana watu wanasingizia shida ili waingie wakae. Ila anauliza maswali, ujiandae."

Nikamshukuru. Mtu anayekiri alipofikia siyo wa kumgombeza sana.

Butiama, saa saba na nusu. Nilishukia Makutano nikapanda bodaboda, na huko juu hewa ni nyepesi kidogo kuliko kwetu ziwani, lakini jua ni lile lile. Fundi nilimkuta nyumbani kwake anaosha mwiko. Mwanamke wa makamo, magoti ya suruali yamekauka saruji, wanamwita Mama Wegesa. Nyumba yake imeipa barabara ubavu, ukuta mtupu, nikazunguka nusu kiwanja kutafuta mlango. Akaniambia nikae ndani nipumzike, anamalizia vyombo vyake.

Nikaketi. Kuta ni nene, za tofali za udongo. Juu, karibu na paa, kuna matundu ambayo hewa ya moto inatokea. Paa limejitokeza nje kama kofia pana. Feni hakuna. Nilikuwa nahesabu hayo yote ndipo nikagundua mgongo wangu umekuwa mzito. Bhoke alikuwa amelala. Saa nane mchana, mtoto wangu, amelala, mdomo wazi. Nikaogopa hata kukohoa.

Mama Wegesa aliingia, akamwona, akashusha sauti. Alieleza kwamba jua la mchana liko juu ya kichwa, hilo unalizuia kwa dari na matundu. Baya ni la jioni, linakuja chini chini, linaingia dirishani kama mgeni asiyepiga hodi. Kwa hiyo upande mwembamba wa nyumba ndio unatazama magharibi, na upepo wa ziwa unaachiwa njia kwenye tofali za matundu, chini ya kivuli. Kisha akaikunjua ramani yangu, akaweka kidole kwenye madirisha makubwa ya mbele.

"Haya ya barabarani aliyataka nani?"

Nilitazama sakafu. Mume wangu alitaka madirisha ya kawaida. Mimi ndiye niliyesema makubwa, ili wanawake wakipita kwenda kanisani waone mapazia yangu ya maua, niliyoyanunua kabla ya tofali moja nikayaweka chini ya kitanda.

"Mimi," nikasema. "Nina mapazia ya maua, nilitaka yaonekane."

Hakucheka kwa sauti. Alicheka kwa mabega, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

"Mapazia hayatupwi, mama. Tutayapeleka kaskazini, chini ya baraza. Jumamosi nitakuja, nikute kamba zimeng'olewa."

Jioni, Musoma. Nilimweleza Baba Bhoke yote, hata nilivyomsema njiani, na ile ya madirisha nikaisema haraka haraka ipite. Haikupita.

"Kwa hiyo njia nzima nilikuwa nasingiziwa?"

"Ulikubali."

"Nilikuwa nakuogopa," akasema, akachukua tochi twende tukang'oe kamba.

Sasa tumehamia. Nilichojifunza ni kwamba ukitafuta fundi wa kukurekebishia kosa, jiulize kwanza nani aliliagiza, utapunguza kelele njiani. Mapazia yangu ya maua yanaonwa na migomba ya jirani. Barabarani watu wanasalimia ukuta, wanauliza hii nyumba imemnunia nani, wanazunguka nusu kiwanja kutafuta mlango. Wazunguke, ila polepole. Saa nane hii, Bhoke amelala.