Bibi Alivyolikimbia Isale

Jirani yangu hapa Soweto, mtaani kwetu chini ya mlima, anachemsha ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi. Hajaniambia, wala hana haja ya kuniambia. Harufu ya ndizi mbivu zinazotokota kwenye pipa imepanda ukuta, imeingia jikoni kwangu na imekaa kama mgeni aliyeleta sanduku. Wengine harufu hii huwatia hamu. Mimi, niwaambie ukweli, hunitia hasira kwanza, tena hasira ya kitoto, hamu hufuata baadaye. Mbege ndiyo iliyotaka kuninyima Komunyo ya Kwanza.

Nilikuwa naishi Kilema, mlimani, kwa bibi mzaa baba, ambaye watu wote walimwita Mama Melki. Wazazi wangu walikuwa Bomang'ombe wakihangaika na duka, wanapanda mlimani mara moja moja. Kwa hiyo nyumba ilikuwa bibi na mimi, na ng'ombe mmoja wa zizini ambaye shibe hakuijua. Ng'ambo ya mfereji aliishi Mama Jenista, shoga wa bibi tangu walipoolewa pale wakiwa wasichana. Walichuma kahawa pamoja, kanisani walikaa benchi moja, na mmoja akikohoa mwenzake alisema pole kabla kikohozi hakijaisha.

Ikaja sherehe ya Kipaimara ya binamu yangu. Bibi akapika mbege mwenyewe, akakataa msaada. Kwa wasioijua, mbege hutiwa msesewe, gome la mti lililosagwa, ndilo linaloipa ule uchungu wake. Likipungua, unakunywa uji. Likizidi, unakunywa dawa. Siku hiyo Mama Jenista alipewa kata ya kwanza, kwa heshima. Akaonja, akameza kwa shida, akasema mbele ya wageni wote:

"Mama Melki, leo msesewe umezidi."

Basi. Hakutukana, hakutema. Wanaume wakacheka kidogo, wakaendelea kunywa, maana hakuna mwanaume wa kule anayeacha mbege kwa sababu ya msesewe. Bibi hakucheka. Kesho yake nilimkuta akimwaga mbege iliyobaki kwenye mashina ya migomba, pipa zima. Nilipomuuliza, alisema migomba imekauka. Ilikuwa masika, mvua imenyesha usiku kucha!

Kuanzia hapo bibi akasusa jumuiya. Jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika ilisali kila Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba, na Mama Jenista hakukosa hata mara moja. Bibi akaanza kuumwa magoti. Magoti hayo hayo yalipanda na mkungu wa ndizi kutoka bondeni bila kupumzika, lakini alfajiri ya Jumamosi yalikuwa hoi. Kanisani akahama benchi, akaenda kukaa upande wa kwaya, ambako kinanda kilimpigia sikioni na yeye akajifanya anapenda.

Mama Jenista alivumilia, kisha akafanya kinachofanywa kwetu. Alikata isale. Mmea huu mmeuona, hata mjini siku hizi wanaupanda kwenye ndoo kama ua. Kule mlimani ndio mpaka wa kila kihamba, yaani shamba la ukoo, na jani lake likifungwa fundo na kuletwa mkononi mwako, umeombwa msamaha na huwezi kukataa. Hata ugomvi wa damu huishia hapo. Bibi ndiye aliyenifundisha hayo, akinionya nisichezee majani yale.

Kukataa hawezi, kwa hiyo bibi akatafuta njia nyingine. Asipokutwa, hatapewa. Mtu mzima, mjane wa kuheshimika, mwanachama wa WAWATA, chama cha akina mama wa kanisa, akawa anajificha! Akiona kitenge cha Mama Jenista kinavuka mfereji, anaingia kwenye kahawa, anaingia zizini, siku moja aliingia chooni akabana mlango. Mimi ndiye niliyeachwa uwanjani kusema uongo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama Melki yupo?"

"Amekwenda kukata majani."

Ng'ombe, aliyekuwa na njaa, akalia. Mama Jenista akatazama nyuma yangu kwenye mibuni, isale mkononi, akashusha pumzi.

"Haya. Mwambie huyo aliyekwenda kukata majani kwamba kanga yake inaonekana."

Nilitamani ardhi inimeze. Na uongo wote huo ilibidi nikauungame, wakati aliyeniagiza yuko kwenye mibuni anajikuna siafu.

Yote ningeyavumilia kama si katekista kututangazia kwamba kila mtoto wa Komunyo ya Kwanza atasemewa na mwenyekiti wa jumuiya yake mbele ya Paroko. Mwenyekiti wetu alikuwa Mwalimu Kasiani, mtu mpole ambaye hakuyumba. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, kofia magotini.

"Mama Melki, siwezi kusimama nikasema nyumba hii inasali na wenzake wakati haisali. Mtoto atasubiri mwakani."

"Mtoto anajua sala zote," bibi akasema.

"Sala anazijua. Watu je?"

Gauni langu jeupe lilikuwa tayari, mama alilinunua Bomang'ombe, linaning'inia msumarini na mimi narefuka kila siku. Mwakani lisingenitosha. Nililia mpaka nikapata kwikwi, nikamfokea bibi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya: "Si upokee tu hilo jani!"

Nilijua kofi linakuja. Halikuja. Alisema taratibu, "Hujui unachoniambia nipokee." Akaenda kumkatia ng'ombe majani, safari hii kweli.

Jumapili iliyofuata tulikaa upande wa kwaya kama kawaida. Padri akasema tupeane amani. Bibi, kwa mazoea, akageuka benchi la nyuma mkono umenyooka, hajaangalia ni nani. Mkono uliompokea ulikuwa na isale ndani yake.

"Amani ya Kristo, Mama Melki," akasema Mama Jenista.

Bibi akatazama kiganja chake. Jani lilikuwa hapo, fundo limekazwa. Kwaya ilishaanza kuimba.

"Umenivizia," bibi akanong'ona. "Kanisani, Jenista!"

"Ungenipitisha wapi? Kwenye choo chako?"

Jumamosi magoti yakapona. Mwalimu Kasiani akasimama mbele ya Paroko, na mimi nikapokea Komunyo, gauni limenibana kwapani lakini limefunga. Mbege ya sherehe, bibi alimwomba Mama Jenista ndiye aipike. Alimwomba mwenyewe, alivuka mfereji.

Na msesewe ukazidi! Baba alikunywa funda moja akakunja uso kama aliyemeza kwinini. Mimi niliramba tone nikakimbilia maji. Bibi akapewa kata. Akainua, akanywa mpaka chini, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Tamu," akasema. "Niongeze."

Mama Jenista akamwangalia, akaongeza, akaijaza kata hadi mbege ikamwagika kidogo. Mimi nilichukia mno. Nilimwona bibi mnafiki. Nimedanganya, nimelia, nimekaribia kukosa Komunyo, kwa sababu ya uchungu ambao kumbe unanywewa na kuongezwa?

Bibi alishazikwa kwenye kihamba chake, na Mama Jenista akamfuata, nilipoanza kupika mbege yangu na kuelewa kitu ambacho kila mpishi anakijua. Mpishi huonja kabla ya mgeni. Bibi alijua tangu asubuhi ile ya Kipaimara kwamba ameharibu. Mwenzake alisema kweli, kisha akaja na isale kuomba msamaha kwa kusema kweli, na hilo ndilo bibi alilolikimbia mpaka chooni. Isale lilikuwa la bibi kulipeleka. Kulikata hakuweza, akanywa ile kata.

Na Mama Jenista naye alikuwa ameonja. Aliposikia "tamu", alijua anachoambiwa. Walielewana vizuri kabisa wale wawili. Aliyebaki gizani ni mimi, na gauni langu. Nawapenda, Mungu awarehemu, lakini hadi leo nataka kuwauliza: "Ulisema kweli, shoga yangu." Hayo yangemchoma mtu ulimi?

Jirani ananiita ukutani nikaonje. Naenda.