Darubini na Mtandio wa Mahameli

Harufu ya mafuta ya bunduki naijua hata nikifumba macho. Katika ukumbi wa shabaha pale Guangzhou, China, mwishoni mwa miaka ya tisini, harufu hiyo ilichanganyika na unyevu wa kipindi cha baridi, ule unaoingia mpaka ndani ya godoro. Wazazi wangu walinunua nguo za jumla katika maduka ya mtaa wa Guangyuan Xilu na kuzipeleka Dar es Salaam, na mimi, Salma wao, nilikuwa msichana wa darasa la tano niliyepata nafasi katika klabu ya watoto wanaojifunza kulenga. Sioni haya kusema kwamba nilikuwa hodari. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Kilichonisaliti ni macho, kwani vitu vya mbali nilianza kuviona kwa ukungu, na kile kilengeo cha chuma mbele ya mtutu kikawa kama kinayeyuka. Kocha Liang, mwanamke asiye na maneno mengi, aliniambia waziwazi kwamba nisipofanya vizuri katika mashindano yanayokuja, nafasi yangu atapewa mtoto mwingine. Nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Mashindano yale yaliruhusu darubini ya kulengea, na klabu ilikuwa nayo moja iliyofunguliwa kutoka kwenye bunduki mbovu. Lakini bunduki yangu ya shabaha ilikuwa ya zamani, imemzidi baba umri, na kocha hakutaka itobolewe hata tundu moja la kufungia darubini. Baba, ambaye kabla ya biashara alikuwa fundi wa bunduki za wawindaji kule Arusha, akaomba kazi hiyo mwenyewe. Alipitisha kidole juu ya chuma, akaugundua mfereji mwembamba ambamo kilengeo cha zamani kilikuwa kikiteleza, akavikaza vibano vya darubini humo humo bila kutoboa kitu. Kisha akaning'iniza dirishani uzi wa mama wa kushonea, chini amefunga kifungo kizito cha koti ili uzi unyooke wima, akaizungusha darubini taratibu mpaka mstari wa ndani ya kioo ukalala sawasawa na uzi. "Ukikosea hapa, risasi itakwenda matembezi," aliniambia. Risasi za majaribio zilipopiga chini, alikata kipande cha kopo la soda akakipenyeza chini ya kibano cha nyuma. Mwisho aliniambia nilaze shavu kwenye kitako, nifumbe macho, nifumbue, huku yeye akiisogeza darubini mpaka nikaona duara zima, jeupe. Hakuna mtoto mwingine pale aliyepimiwa bunduki kama anayepimiwa gauni, na nilivimba kichwa kwelikweli.

Mashindano yakaangukia wiki ya Idi. Mama alikuwa amenipa mtandio mpya wa mahameli, mzito, wa zambarau, nami nikaingia nao ukumbini kwa maringo yote. Nikalaza shavu, na nusu ya kioo ikawa nyeusi. "Baba, naona giza!" Baba aliinama, akanigusa shavuni, akakuta mkunjo mnene wa mahameli kati yangu na mbao. "Lo! Tulipima na mtandio mwepesi wa kila siku," akasema, na sijawahi kumwona amenywea vile. Kocha aliashiria niuvue. "Bu xing," mama akamjibu, haiwezekani, neno ambalo yeye mwenyewe aliambiwa kila siku na wenye maduka. Akajaza pini mdomoni, akaurudisha ule mkunjo nyuma ya taya, akaubana kwenye ukosi wa gauni langu, shavu likabaki tupu na shingo imefunikwa. "Tulia, mwanangu. Haya, lenga sasa." Duara likafunguka lote.

Nilishika nafasi ya tatu. Kocha aliitazama karatasi yangu ya shabaha, akanikabidhi tena bunduki ileile, nikajua nimebaki. Baba aliwasimulia wenye maduka wote wa Guangyuan Xilu, hata wasioelewa anachosema.

Siku hizi darubini huja na vibano vyake, na mtu huifunga huku akizungumza kwa simu. Mimi nafundisha wasichana shabaha hapa Dar es Salaam, nina vifaa ambavyo baba hakuwahi kuviota, ila bado natumia uzi. Mwaka jana mmoja wao alikuja kuniuliza kwa sauti ya chini kama itambidi avue mtandio ili ashindane. Nikamwambia alaze shavu kwanza, darubini ndiyo tutakayoisogeza.