Mende Katika Mchuzi wa Ubatizo

Huko Nguba, mtaa wa kando ya ziwa, kila jirani alijua kwamba Adélaïde ana kinyaa. Matangani alikwenda na kijiko chake mwenyewe, kimefungwa katika kitambaa ndani ya mkoba. Sokoni alichagua sambaza kwa ncha za vidole viwili, akinusa, akikunja pua, akimrudishia muuzaji kila kisamaki kilichopasuka tumbo. Wauza samaki walimwogopa, naye hilo lilimpendeza.

Nyumbani kwake hakuna kilichomchefua kama miwani ya mumewe. Emile, mwalimu mstaafu wa sekondari, alikuwa amevaa miwani tangu ujana. Vioo vyake vilijaa alama za vidole, na vile vidude vinavyokaa puani vilikuwa vimegeuka rangi ya kijani kwa jasho. Aliiacha popote, juu ya mkate, juu ya mto wa kulalia. Adélaïde aliiondoa kwa kipande cha karatasi, kama mtu anayetoa panya aliyekufa.

"Papa Francine, ile lunettes yako inanuka," alimwambia.

"Iko inanisaidia kuona," Emile alijibu.

"Afadhali kuwa kipofu."

Basi macho yake mwenyewe yalipoanza kubadilika, alipokwisha kupita miaka hamsini, hakutaka kusikia neno. Uzi ulipita kando ya tundu la sindano, akailaumu sindano. Kanisani alisogeza kitabu cha nyimbo mbali, mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha, akasema siku hizi wanachapa vibaya. Kilichomdanganya ni kwamba mbali aliona vizuri kabisa. Akisimama barazani aliweza kumwona mtu anayejikuna ndani ya mtumbwi katikati ya ziwa.

"Miye niko naona mpaka Idjwi," alisema akikionyesha kile kisiwa cha mbali, kila alipotajiwa habari ya kupimwa macho, na mazungumzo yaliishia hapo.

Siku ya ubatizo wa mjukuu wake, mtoto wa mwanawe David na mkewe Larissa, umeme ulikatika tangu asubuhi. Jiko la Adélaïde lina kidirisha kimoja kinachotazama ukuta wa jirani. Francine, binti yake, alikuja kumsaidia, akafukuzwa.

"Na zile ongles, zile kucha zako ndefu? Hapana. Sitaki uchafu mu chakula ya mutoto."

Akapika peke yake: bugali, sombe ya majani ya muhogo, wali, maharage, na sufuria kubwa ya sambaza katika mchuzi wa nyanya. Alichagua maharage kama alivyoyachagua maisha yake yote, akiyamwaga kidogo kidogo juu ya ungo na kuyapitisha chini ya vidole.

Wageni walijaa sebuleni. Mgeni mkubwa alikuwa Agnès, mama yake Larissa, mkulima wa kijiji cha Miti, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Adélaïde alisimama mlangoni akiwatazama wakila, na kwa vile macho yake ya mbali yalikuwa mazima, hakuna kilichompita. Alimwona Agnès akiacha kutafuna. Alimwona akitoa kitu mdomoni kwa siri, akakiweka pembeni mwa sahani, akakifunika kwa tonge la bugali. Pembeni yake Bisimwa, kaka yake Agnès, alisukuma sahani mbele akasema ameshiba, wakati chakula hakijafika nusu.

Adélaïde alitabasamu mpaka mgeni wa mwisho alipotoka. Kisha akaingia jikoni akilipuka.

"Banadharau chakula yangu! Batu banakulia ndani ya moshi kule Miti, leo banatema sambaza yangu!"

Francine alikuwa ameshika sahani ya Agnès. Aliondoa lile tonge, akapiga picha kwa simu, akaipanua kwa vidole viwili, akamsogezea mama yake.

"Maman, angalia."

Adélaïde alitazama. Kioo kizima kilijazwa na kitu cha rangi ya kahawia, chenye bawa linalong'aa kwa mafuta na mguu wenye miiba. Ilimchukua muda kuelewa. Alikuwa mende. Nusu ya mende. Nusu nyingine aliijua ilikokwenda.

Francine akayapiga picha na maharage, akaipanua. Karibu kila punje ilikuwa na kitundu kidogo cha mviringo, na ndani ya vitundu vingine kichwa cheusi cha mdudu kilikuwa bado kinachungulia, kimepikwa.

Adélaïde alitoka mbio mpaka nyuma ya nyumba, akatapika. Kwa kuwa naye alikuwa ameonja kile chakula, na kuonja tena, alitapika mpaka yakabaki maji machungu ya kijani. Aliporudi, uso umemvimba, alimkuta Emile amesimama mlangoni mwa jiko akiwa na haya ya mtoto.

"Ni tangu wakati gani munajua kama sione?" aliuliza.

Emile alipangusa miwani yake kwa shati. "Maman Francine, isikuumize. Ukiendaka misa ya asubuhi, miye naoshaka tena vyombo. Sahani zinabakiaka na mafuta."

"Na chakula?"

"Natoaka vidudu vyenye naona."

Hapo ndipo kinyaa chake kilipopata mahali papya pa kukaa. Mende alikuwa mende, angeweza kumtapika. Lakini kwamba mumewe, yule wa miwani inayonuka, alikuwa akifuata nyuma yake akisafisha uchafu wake kimya kimya, na binti yake akijua, na wote wakimwacha awakemee wauza samaki sokoni, hilo halikutapikika. Aliketi juu ya kigoda akaitazama mikono yake. Aliichukia.

Jumatatu alikwenda kwenye chumba kidogo cha kupimia macho, juu ya duka la dawa huko Ibanda. Alichukizwa tangu ngazini. Waliomtangulia walikuwa wameegemeza kidevu kwenye chombo cha kupimia, naye akaambiwa aegemeze cha kwake hapohapo. Alitoa kitambaa na kupangusa kwanza. Mpimaji, kijana aliyekula vitunguu mchana ule, alimsogelea uso kwa uso, akamvisha fremu nzito ya majaribio iliyokwisha kukaa juu ya pua za watu wote wa mji. Adélaïde alizuia pumzi. Kijana akatia kioo kimoja, akatoa, akatia kingine.

"Na sasa?"

Herufi kwenye kadi zikasimama wima, nyeusi, safi, na pumzi ikamtoka.

"Si ugonjwa, maman," kijana alieleza. "Kuko lentille, ni kama kioo kidogo ndani ya jicho. Mutu akizeeka inakuwa ngumu, haijikunje tena kwa kuangalia karibu. Kila mutu inamufikia. Na itaendelea kubadilika, utarudi tupime tena. Usipikie mu giza. Na hii miwani ni ya kuonea karibu tu, usitembee nayo."

Hilo la mwisho hakulisikiliza. Siku alipoichukua miwani yake alitoka nayo usoni, na barabara ya mteremko ikapanda ikamjia, mawe yakayumba. Alishika ukuta wa nyumba ya watu na kukaa chini kama mlevi, hadi alipokumbuka kuivua. Baada ya hapo aliifunga kamba na kuining'iniza shingoni, akaivaa tu anapokaa na kazi.

Lakini nyumba! Siku ile ya kwanza aliingia jikoni kwake, akavaa miwani, na alitamani kutoka tena. Ukuta nyuma ya jiko ulikuwa na utando wa mafuta ya manjano, na ndani ya utando huo mbu na nzi walikuwa wamenasa. Kwenye kona za kabati kulikuwa na vichembe vyeusi vya kinyesi cha mende vilivyotapakaa kama pilipili manga. Ubao wake wa kukatia nyama ulikuwa umeota ukungu katika mikwaruzo. Kwenye kioo cha chumbani aliona nywele tatu ngumu kidevuni mwake, moja ndefu kiasi cha kushikika, na akawaza watu wote aliowahi kuwasogelea na kuwaambia kwamba hawajioni walivyo wachafu.

Alisugua mpaka vidole vikachubuka. Alitupa ubao. Alihamisha meza ya kuchagulia maharage akaiweka barazani, penye mwanga wa ziwa, na kuanzia hapo kila kitu cha kuchaguliwa kilichaguliwa nje, asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Francine alinunua taa ndogo ya kuchaji kwa ajili ya jikoni, na Emile akaruhusiwa kuosha vyombo mbele ya macho ya watu.

Kazi iliyobaki ilikuwa Miti. Aliiahirisha mpaka haya ikamchosha, kisha akapanda gari, akafika kwa Agnès akiwa na mafuta ya kupikia na sukari.

"Maman Agnès, nilikulisha mende."

Agnès alicheka kidogo. "Niliisikia kwa meno. Nilidhani ni kichwa ya sambaza."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Mbele ya batu yote? Siku ya mutoto? Ningesema namna gani?"

Alimkaribisha jikoni, penye moshi, akamwekea chai ya maziwa. Adélaïde alivaa miwani yake. Ukingoni mwa kikombe palikuwa na utando mkavu wa uji, na ndani ya utando, unywele. Angeweza kusingizia tumbo. Angeweza kumwaga chai mlangoni Agnès akigeuka. Aliwaza sahani zile zilizooshwa mara ya pili wakati yeye yuko misani.

"Maman Agnès, unisamehe. Hii kikombe ni chafu."

Agnès alikichukua, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga, akakisogeza mbali, mbali zaidi. "Fasi gani? Sione kitu."

Adélaïde alivua miwani akampa. Ilimgharimu, kwani uso wa Agnès ulikuwa unatiririka jasho na masizi, lakini alimpa. Agnès aliivaa, akakitazama kikombe.

"Yezu wangu!" akasema, na mdomo ukampinda kwa karaha. Kisha akageuka kuitazama rafu yake yote, sahani moja baada ya nyingine, na kila alichokiinua alikiweka chini haraka kama kinachouma. "Na miye nilikuwa nalishaka bajukuu humu!"

Walitoa vyombo vyote nje, wakakaa uani na majivu na maji ya moto. Miwani ilikuwa moja, basi Adélaïde alisugua kwa vidole, Agnès akakagua na kurudisha kile ambacho hakijatakata, na alirudisha vingi.

"Huko kwenye banapimaka macho," Agnès aliuliza, akinusa kifuniko cha sufuria na kutema mate kando, "banafungulaka siku gani?"