Usiniamkie Ukishika Baruti

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, moyo ulinidunda hata chai ya asubuhi ikanishinda. Nilikuwa msichana, nimepanga chumba La Rochelle, mtaa wa hapa Johannesburg, na siku hiyo nilikuwa na mtihani kwenye uwanja wa shabaha, wa kuruhusiwa kupiga gobore peke yangu, bila kusimamiwa. Unacheka? Cheka! Bibi yako huyu unayemwona na miwani alikuwa hashikiki.

Aliyenifundisha ni Babu Shomari, mjomba wa baba, seremala wa Tanga aliyekuwa akichonga vitako vya bunduki hapa Joburg. Mkali, lakini ana mapenzi. Gobore si bunduki ya haraka. Unamwaga kipimo cha baruti mdomoni mwa mtutu, unafuatisha risasi ya mviringo iliyofungwa kitambaa, unashindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu. Ndipo unakaa mezani, unalilaza gobore juu ya mfuko wa mchanga, unaweka fataki ya kuwashia baruti. Likilia sasa! Puu! Moshi mweupe unakumeza, hujui umepata au umekosa mpaka upepo upite. Moshi ule niliupenda kuliko udi, wallahi.

Basi nikaanza. Risasi mbili za mwanzo zikatoka vizuri. Ya tatu, nimesimama na kipimo mkononi, nikasikia nyuma yangu, "Shoga, hujambo?" Kumbe Zuhura, jirani yangu niliyekua naye Tanga, karudi jana yake kutoka nyumbani, kaja kunitazama. Ningemnyamazia vipi? Nikageuka. Za safari? Mama hajambo? Na mtoto wa Mwanahawa, ameshaanza kutembea? Salamu zetu unazijua, hazina mwisho. Nilipolirudia gobore langu, kipimo kilikuwa kitupu, na mimi sikumbuki: nimeshamwaga, au nilikuwa bado sijakijaza?

Jasho likanitoka. Wasimamizi wananitazama. Nikisema sijui, mtihani umekwisha. Nikimwaga tena na kumbe imo, baruti maradufu inaweza kuupasua mtutu usoni mwangu. Na nilitamani kumwaga, sikufichi! Lakini heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikainua mkono.

"Babu, sijui kama nimetia."

Babu akaja, akautumbukiza mdeki taratibu. Ufito ule una alama: mtutu ukiwa mtupu, alama inazama mpaka usawa wa mdomo. Siku ile ilibaki juu. Baruti ilikuwamo.

"Mwanaidi," akasema, "umesema pa kunyamaza. Bahati yako umesema tena pa kusema. Rudi Jumamosi ijayo."

Nililia njia nzima. Lakini nikarudi. Zuhura naye akaja, akaniita kama kawaida yake. Nikainua kidole kimoja, sikugeuka. Akanuna huyo! Risasi zangu zote zikatoka, na ya mwisho ikatoboa duara jeusi katikati kabisa. Nikaruka, nikapiga vigelegele, na Babu akasahau ukali wake akapiga meza kwa kofi. Ruhusa nikaipata! Jioni nikamwendea Zuhura na maandazi, nikamsalimia salamu za wiki nzima mpaka akacheka.

Sasa kesho ni zamu yako, na furaha niliyo nayo utadhani ninakwenda mimi. Hebu nisikilize. Kila kazi ina pahali pake pa kunyamaza. Ukifika hapo, hata anayekupenda na asubiri. Akinuna utambembeleza baadaye. Na ukisahau, sema umesahau, tena mbele za watu. Mficha uchi hazai. Ruhusa iliyonipita Jumamosi ile niliifuata Jumamosi ya pili nikaikuta. Uso huu ningeufuata wapi?

Nitakuja kukutazama. Ukiniona, usiniamkie. Ndiyo, mimi bibi yako nasema usiniamkie! Mwenyezi Mungu akupe mkono uliotulia na jicho la kweli, akulinde wewe na walio kando yako, na moshi ukipita akuonyeshe la kukufurahisha. Shikamoo yako ya kesho nimeshaipokea.

Marahaba, mwanangu.