Mpangaji na Mwizi Katika Kidole cha Mama Kola

Mama Kola alilipata jina lake kwa kazi. Alikuwa na watoto, lakini hakuna hata mmoja aliyeitwa Kola. Shati likitoka mkononi mwake, ncha za kola zilichongoka na kulala sawa kifuani, na hata likifuliwa mara nyingi hazikupinda. Mafundi wenzake walimuuliza siri yake ni nini. Hakuwa na siri, alikuwa na mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Akimaliza kushona kola kwa ndani, kabla hajaigeuza, aliikata ile kona ya ziada karibu kabisa na mshono, mpaka anayetazama akadhani leo ameharibu nguo ya watu. Kisha akaigeuza, akaisukuma kwa kijiti, na kona ikatoka kali kama mdomo wa ndege.

Chumba cha kushonea alikitumia pamoja na wifi yake, dada wa mumewe. Kilikuwa kirefu na chembamba, na dirisha lake moja lilitazama barabarani. Chini ya dirisha hilo ilikaa cherehani ya kukanyaga ya Mama Kola. Wifi alikaa ndani zaidi, chini ya taa, na mashine yake ya umeme iliyokimbia kama inafukuzwa. Wifi alishona vitu virefu: mapazia, mashuka, pindo za magauni. Mama Kola alishona vile vinavyotaka mguu wenye akili. Akifika kwenye kona ya kola alilegeza mguu, sindano ikashuka tundu moja moja, akageuza kitambaa, akaendelea. Alipenda kusema kwamba mashine ya umeme inajua kupiga kelele tu, kunong'ona haijui. Wifi naye alimjibu kwamba cherehani ile ni kikongwe, hainong'oni bali inakoroma.

Sasa mguu huo, wa kulia, ulikuwa na mambo yake. Miaka ya nyuma ugonjwa wa mkanda wa jeshi, ule upele wa malengelenge, ulimtokea, na badala ya kumzunguka kiunoni ulimshuka pajani mpaka juu ya mguu na kwenye kidole gumba. Malengelenge yalikauka na magamba yakadondoka, ila maumivu yalikataa kuhama. Hospitali walimweleza kuwa ni mishipa ya fahamu imeumia, na kwamba hali hiyo huenda ikakaa sana. Walimpa vidonge vya kunywa jioni, vikapunguza makali bila kuyamaliza. Mguu uliwaka bila moto. Shuka likiugusa, ni kama upupu. Upepo wa mlangoni ukipita juu yake, ni kama pini zimemwagwa. Cha ajabu, kitu kizito hakikumsumbua sana. Pedali ya chuma aliikanyaga kutwa, lakini unyoya ungemtoa machozi.

Maumivu hayo aliyaita mpangaji. Mtu akimkuta amekunja uso na kumuuliza kulikoni, alijibu kuwa mpangaji wake ameamka vibaya. Alisema amemzoea, halipi kodi wala hahami, na kazi yake ni kuhamisha samani humo ndani saa zote. Watu walicheka, naye akacheka nao, na kwa njia hiyo alijifunza kutoyasikiliza maumivu ya mguu ule hata kidogo. Ndipo shida ilipoanzia.

Kidole gumba kilianza kumuuma pembeni, pale kucha inapokutana na nyama. Akasema ni mpangaji. Kikauma zaidi. Akachukua mkasi wake wa nyuzi, akakata kona ya kucha ndani kabisa, kama alivyozoea kukata kona ya kola. Kikatulia, naye akajisifu moyoni. Baada ya muda kikaanza tena, na safari hii kilipigapiga kama kina moyo wake. Akakata ndani zaidi. Kila akikata alipata nafuu ya kumdanganya, na kila nafuu ikiisha, kidole kilirudi kikiwa kibaya kuliko mwanzo.

Wakati huohuo ikaingia kazi ya bendi. Shule moja ilitaka makoti ya wapigaji wake wa tarumbeta na ngoma, yenye kola za kusimama, zile zinazozunguka shingo na kukutana mbele kwa kona mbili. Kola ya namna hiyo ikikosewa nusu tundu, koti zima linaonekana limelewa. Mama Kola aliipokea kwa furaha. Alipokaa kushona ya kwanza, mguu uligoma. Alikanyaga, akasimama, akakanyaga tena, sindano ikaruka na kona ikaenda upande. Akaifumua. Ya pili ikawa vilevile.

Wifi aliyaona yote akanyamaza, na wifi akinyamaza ujue anapanga jambo. Jioni alimwendea kaka yake, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka nyumba rangi na hakupenda ubishi. Wakakubaliana, tena kwa huruma tu, kwamba cherehani ya kukanyaga iende stoo. Pale dirishani ingekaa mashine nyingine ya umeme, wangemtafuta fundi kijana wa kuiendesha, na Mama Kola angeshona vifungo na kupiga pasi akiwa ameketi. Mumewe alimweleza hayo huku akikwangua rangi kwenye kucha za mikono, bila kumtazama usoni.

Mama Kola hakugomba. Aliomba aachwe amalize makoti ya bendi kwanza. Kama kola zikimshinda, basi wahamishe wanachotaka. Alilala na mguu nje ya shuka kama kawaida, akiwaza mwanamke anayeitwa Mama Kola ataitwa nani akiwa mtu wa vifungo.

Kesho yake alijikaza kisabuni akaketi dirishani. Wifi alikuwa akichagua vifungo vya shaba, kimoja kikamponyoka, kikabingirika mpaka chini ya cherehani. Akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya meza kukitafuta, macho yake yakatua sawa na kile kidole. Hakutoka upesi.

"Wifi," alisema akiwa hukohuko chini, "tangu lini mpangaji wako anatoa usaha?"

Mama Kola alijibu kwamba mpangaji ana visa vingi.

"Huyu si mpangaji. Huyu ni mwizi. Amevunja ukuta wa ubavuni na sasa yumo ndani, na wewe unamkaribisha kwa jina la mwingine."

Ikabidi Mama Kola ainame ajitazame, jambo ambalo hakuwa amelifanya sawasawa kwa muda mrefu, maana akikata kucha alifuata mkono uliozoea. Ubavu wa kidole ulikuwa umevimba na kung'aa, na kucha ilikuwa imezama nyamani. Wifi alifunga chumba mchana kweupe, kitu ambacho hakikuwahi kutokea, akamshika mkono wakaenda zahanati.

Aliyeogopa safari hiyo si kidole, ni mguu mzima. Tangu mpangaji ahamie, hakuna mtu aliyeugusa, hata mumewe. Tabibu, mwanamume mpole wa sauti ya chini, alimlaza kitandani, akausogelea mguu taratibu, akauparaza kwa ncha za vidole. Mguu ukaruka wenyewe. Trei ya vyuma ikaenda sakafuni kwa kishindo, na kila aliyekuwa kwenye benchi la nje akanyoosha shingo.

"Msamehe, daktari," wifi alisema. "Mguu huu una mwenyewe."

Mama Kola aliona aibu mpaka akataka kushuka aende zake. Kisha akaiona picha ya dirisha lake likiwa na mtu mwingine. Akapiga moyo konde, akainuka kwa viwiko.

"Daktari, usiniguse kwa huruma," alisema. "Ukinigusa polepole unaniua. Nishike kwa kiganja kizima, kwa nguvu, kama umeshika mpini. Na ukishashika usiachie."

Tabibu alirudisha mkono. Akamuuliza kama ni mguu wote au ni juu tu, na mkandamizo wa kiasi gani anaweza kuuvumilia, akamwambia aweke mkono wake mwenyewe kwanza amwonyeshe. Mama Kola akaonyesha, na tabibu akaweka kiganja chake mahali hapohapo, kwa uzito uleule. Mguu ulitetemeka, ukatulia. Akaletewa vyuma vingine, akachoma sindano ya ganzi shinani mwa kidole, upande huu na upande ule. Iliuma, tena vibaya sana. Mama Kola aliubana mkono wa wifi hadi wifi akauliza kama ganzi ingebaki ya kutosha watu wawili.

Wakangoja. Kisha kidole kikanyamaza.

Kwanza hakuelewa ni nini kimepungua. Alikuwa kama mtu aliyeishi kando ya mashine ya kusaga nafaka, na leo umeme umekatika. Aliomba pamba, akaipitisha juu ya kidole polepole, kwa ule mguso mwepesi uliokuwa ukimliza. Hakusikia kitu. Akaipitisha tena. Macho yakamjaa maji.

"Wifi, mpangaji katoka."

"Kaenda wapi?"

"Sijui. Kaacha mlango wazi."

Tabibu hakutaka kumdanganya. Alimwambia ganzi ikiisha, maumivu ya mishipa yatarudi, maana hayo hayatibiwi kwa sindano hiyo. Mama Kola alitikisa kichwa kukubali. Hata akirudi, alisema, mimi nimekiona chumba kikiwa kitupu.

Kilichotolewa ubavuni mwa kidole kilikuwa kipande cha kucha, chembamba, chenye ncha kama mwiba. Tabibu alikiweka juu ya pamba, akamuuliza huwa anakata vipi kucha zake. Mama Kola akaonyesha kwa vidole: mbele, halafu kona hii ndani kabisa, halafu ile. Wifi akajipiga paji la uso.

"Mungu wangu. Anazikata kama kola."

Tabibu akaelezwa habari ya kola, akacheka, kisha akalichukua jambo hilohilo kumfundishia. Kitambaa ukikikata kona, alisema, kinabaki pale ulipokiacha. Kucha inaendelea kuota, na kona uliyoificha ndani itajitafutia njia kwenye nyama. Kwa hiyo akate kwa mstari ulionyooka, na kona zibaki nje zionekane. Avae viatu vipana mbele, na likitokea tena asichokonoe nyumbani, aje. La mwisho alilisema kwa mkazo kuliko yote.

"Mguu wako hauwezi kukuletea habari kwa maumivu, kwa sababu unapiga kelele siku zote. Utumie macho. Kila siku utazame."

Mpangaji alirudi jioni ileile, kwa hasira ya mtu aliyekuta kufuli limebadilishwa. Siku zilizofuata hazikuwa nyepesi. Bandeji iliyolegea ilimchoma kuliko kidonda chenyewe, mpaka alipopata kipimo cha kuikaza kiasi, isicheze wala isibane damu. Alikiosha kidole kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kama alivyoagizwa, akakikagua kwa kioo kidogo cha mkononi, wifi akisimamia kama mkaguzi wa forodha.

Ila shuka au pindo la gauni likikigusa kwa juu lilimkera bado. Ndipo akachukua kipande cha kile kitambaa kigumu kinachotiwa ndani ya kola za kusimama, akakikunja kama upinde, akakishonea mbele ya ndara pana, kikasimama juu ya kidole bila kukigusa. Usiku alivaa kingine kama hicho kilichofungwa kifundoni, shuka likalala juu ya upinde, na kwa mara ya kwanza tangu mkanda wa jeshi umpate, mguu wake ulilala ndani ya shuka pamoja na mwenzake. Mumewe alipokiona alikaa akikigeuzageuza. Akasema mtu anayeshona nyumba ya kidole hawezi kushushwa kwenye vifungo. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa hotuba.

Siku aliyorudi dirishani, wifi alikuwa ameshashona viwiliwili vya makoti yote na kuvipanga. Mama Kola aliweka mguu kwenye pedali. Mpangaji alikuwepo, anawaka, anahamisha samani zake. Kule kupigapiga kwa ubavuni hakukuwepo. Akakanyaga. Alipofika kwenye kona alilegeza mguu, sindano ikanong'ona, tundu, tundu, akageuza kitambaa. Akakata kona karibu kabisa na mshono, akaigeuza, akaisukuma kwa kijiti. Kola ikasimama. Wifi aliichukua, akaipeleka kwenye mwanga, akaitafuta kasoro kwa muda mrefu, akairudisha. Akaenda kuchukua kitambaa cha kola nyingine amwandalie.

Mwalimu wa bendi alikuja na vijana wake kujaribu. Walivaa makoti, shingo zikanyooka zenyewe, na mmoja mfupi akaonekana mrefu. Mwalimu alipitisha kidole kwenye kona za kola moja, kisha nyingine, akauliza ni mashine gani hiyo inayoshona hivi. Wifi akaonyesha dirishani kwa kidevu.

"Si mashine. Ni ule mguu pale. Lakini usiuguse."

Walipoondoka, wifi alisogeza mashine yake ya umeme ndani kidogo ili mwanga wa dirisha usizibwe. Habari ya stoo haikutajwa tena. Kisha akapiga magoti kwa kujitutumua, akaingiza kichwa chini ya cherehani kama alivyofanya kila siku.

"Mpangaji yupo?"

"Yupo. Leo anapiga misumari."

"Na mwizi?"

Mama Kola alikuwa ameshaanza kukanyaga.

"Toa kichwa hapo, wifi. Watu tunafanya kazi."